Zege Linalokunywa Maji

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu nikiwa darasa la nne nimeiandika methali hiyo katika insha zangu bila kuitilia shaka hata kidogo. Leo, wapenzi wasomaji, nimekuja mbele yenu na neno ambalo huenda likawaudhi walimu wangu wa Kiswahili. Katika ploti yetu ya Mowlem tuliziba kila ufa, tena kwa ustadi, na badala ya kujenga ukuta tukajenga mto. Mto huo ulipita mlangoni mwa mtu. Kisa chenyewe ndicho hiki.

Kwa wale wasioijua Mowlem, ni mtaa wa Eastlands katika eneo bunge la Embakasi Magharibi, Umoja ikiwa upande mmoja na Dandora upande mwingine. Ni mtaa wa maghorofa na ploti za mabati, zimebanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Ploti yetu ni ya mabati. Vyumba vimeuzunguka ua, mfereji wa maji uko katikati, na kamba za nguo zimekatiza juu kila upande. Zamani ua huo ulikuwa wa udongo na changarawe. Mvua ikinyesha tulikanyaga matope mpaka viatu vikawa vizito kama mawe ya kusagia, na akina mama wakatufokea kila tulipotia mguu ndani. Hata hivyo, maji hayakuwahi kuingia nyumbani mwa mtu. Mengine yalituama katika vidimbwi, mengine yakajipenyeza kwenye bustani ndogo ya sukumawiki iliyokuwa upande wa chini, na jua likamalizia yaliyobaki. Hatukuyashukuru matope yale. Kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza.

Mwezi wa Januari 2024 mwenye ploti aliamua kuuweka ua zege. Kazi hiyo alimpa baba yangu. Baba ni fundi wa mjengo. Alishika mwiko kabla ya mvua za El Niño za mwaka 1997, na mpaka leo hajauweka chini. Siku nne mfululizo nilichota maji, nikasukuma wilbaro, nikakoroga mpaka viganja vikaota malengelenge. Bustani ya sukumawiki ilifunikwa siku ya tatu. Baba aliupa ua mteremko kidogo kuelekea upande wa chini ili maji yasisimame, kisha akausugua kwa mwiko wa chuma hadi ukang'aa kama sinia ya harusi.

"Fundi, sasa umetupeleka Runda!" wapangaji walimtania.

Baba hakusema kitu. Alikunja mikono tu, akautazama ua wake, na mimi nilimwona akitabasamu. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa fundi kama siku ile.

Sasa, ule upande wa chini ndiko anakokaa Shosho. Yeye si nyanya yangu wa damu, ila mtaani kwetu ni shosho wa kila mtu. Anaishi katika chumba kimoja nyuma ya lango letu dogo, na sakafu yake iko chini ya ua wetu kwa kina cha hatua moja. Huuza githeri na uji asubuhi kwa watu wanaokimbilia matatu. Nilipokuwa mdogo na mama yuko kazini, ni kwake nilikokula.

Masika ya mwaka huo hamjayasahau. Ndizo mvua zilizofagia nyumba kando ya mto Mathare, zikaua zaidi ya watu 200 kote nchini, na kufanya kufunguliwa kwa shule kuahirishwe kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 13 Mei 2024. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Usiku mmoja mwishoni mwa Aprili mvua ilianza kupiga mabati kwa kishindo, hata baba na mama wakawa wanasemezana kwa mikono. Kufumba na kufumbua, umeme ukapotea. Nilichungulia nje kwa mwanga wa simu. Ua wetu ulikuwa mkavu wa matope, safi kabisa, na juu yake karatasi moja kubwa ya maji ilikuwa ikiteleza kimya kuelekea lango dogo. Hakuna tone lililosimama. Baba alikuwa amefanya kazi nzuri mno.

Ndipo tukasikia Shosho akiita.

Tulipofika, maji yalikuwa yamefika magotini mwangu. Mlango wake ulikuwa umefunguka kwa ndani na hautaki kurudi. Gunia la mahindi na la maharagwe yalikuwa yameloa yote mawili. Jiko lilikuwa linaelea upande, na picha za marehemu mume wake, alizokuwa ameziweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, zilikuwa zimegandana kama kurasa za kitabu kilichoangukia kwenye chai. Nilimbeba Shosho mgongoni hadi kwetu. Alikuwa mwepesi, na alikuwa akitetemeka kama unyasi.

Asubuhi, mvua ilipokatika, alisimama katikati ya ua wetu akautazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia baba, bila hasira:

"Kijana yangu, umetengeneza vizuri. Lakini si maji yenu yote imekuja kwangu?"

Baba alinyamaza. Nilimwona akiinama na kuokota kipande cha mkaa kilichokuwa kimeletwa na maji, akakishika tu mkononi. Kwa wiki nzima hakupita tena lango lile dogo. Alizunguka barabarani.

Wenzangu, mimi nilianza kulitafakari jambo hili kwa sababu sikuweza kuvumilia kimya cha baba. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita mraba 1 huwa ni lita 1 ya maji. Ua wetu una urefu wa mita 15 na upana wa mita 12, yaani mita mraba 180. Mvua ya milimita 30, ambayo Nairobi inaweza kuipata kwa usiku mmoja bila jasho, huangusha juu ya ua huo lita 5,400. Hayo ni mapipa 27 ya lita 200. Ongezeni maji ya mabati. Zamani udongo na sukumawiki viliyachelewesha mapipa hayo. Baada ya Januari tuliyatuma yote kwa mama mzee mmoja, tena kwa haraka, tena usiku.

Na si sisi peke yetu. Tazameni mtaa wowote wa Eastlands. Kila ploti inamwaga zege, kila ghorofa linaweka kabro mlangoni, kila kituo cha petroli kina sakafu ngumu. Watu wengi hudhani kabro hunywa maji kwa kuwa ina nafasi katikati. Nafasi hizo zikijazwa vumbi na kushindiliwa, maji machache sana hupita. Mji huu ulipewa jina na Wamaasai kwa sababu ya maji yake baridi, Enkare Nairobi, nasi tumeyafungia maji mlango wa ardhini. Hayana pa kwenda ila kwa jirani.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa Jiografia kisa hiki. Hakunipa jibu. Alinipeleka maktabani, akanionyesha kitabu cha ujenzi, akaniacha. Huko ndiko nilikokutana mara ya kwanza na zege linalopitisha maji.

Zege la kawaida ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Mchanga hujaza nafasi zilizo kati ya kokoto, na ndiyo maana likikauka maji hayapiti. Zege hili lingine huondolewa mchanga wote, au karibu wote. Saruji inabaki kama gundi nyembamba inayozishikanisha kokoto zinazolingana ukubwa, na katikati hubaki vijitundu vilivyoungana. Kati ya sehemu 15 na 25 katika kila 100 za zege hilo ni hewa tupu. Likiwa safi, mita mraba 1 inaweza kupitisha zaidi ya lita 100 kwa dakika moja, kiasi ambacho hakuna mvua iwezayo kukishinda. Kwa macho linafanana na kashata.

Wala si jambo geni. Waingereza walijenga nyumba kwa zege lisilo na mchanga tangu mwaka 1852, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakalitumia tena kwa wingi walipohitaji nyumba za haraka na za bei nafuu. Wamarekani wa Florida walianza kulitandaza chini kwa ajili ya maji ya mvua katika miaka ya 1970. China nayo, mwaka 2015, ilichagua miji 16 ya kufanyia majaribio ya kunywa mvua kama sifongo, kwa mabwawa, bustani na sakafu za namna hii.

Likizo ya Agosti nilimwendea baba na daftari langu. Alinisikiliza akinywa chai.

"Simiti bila mchanga?" akauliza. "Hiyo ni simiti ama ni ugali bila unga?"

Lakini kesho yake nilimkuta nyuma ya nyumba na karai kuukuu aliyoitoboa matundu chini. Tulikoroga kidogo. Jaribio la kwanza lilituaibisha. Tulitia maji mengi kama tulivyozoea, rojo la saruji likashuka lote chini likaziba, na zege letu likawa na matundu juu na jiwe tupu chini. Mara ya pili tulipima: karai moja ya saruji kwa makarai manne ya kokoto ndogo za milimita 10 zilizooshwa, na maji yasiyozidi lita 16 kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Nilijifunza kipimo cha mkono. Unachukua konzi ya mchanganyiko unaifinya. Ikisambaratika, maji ni machache. Rojo likichuruzika katikati ya vidole, maji yamezidi. Ikishikana na kung'aa, ndiyo hiyo. Tulilifunika kwa karatasi ya nailoni siku saba, kwa maana upepo hulikausha upesi likavunjika.

Siku ya nane nilimimina mtungi wa lita 20. Maji yalitoweka kama pesa ya mshahara tarehe mbili. Watoto wa ploti walipiga makofi. Mimi mwenyewe niliruka. Baba hakuruka.

"Sawa, imeingia," alisema. "Sasa inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Alichukua jembe akachimba shimo pembeni mwa ua, akalijaza maji, akaniambia tukalale. Asubuhi maji yalikuwa bado yamo, yakinitazama. Wasomaji wa upande wa magharibi wa jiji hili, wa Kangemi na Kikuyu, wana udongo mwekundu unaokunywa maji vizuri. Sisi wa Eastlands tuna ule mweusi wa mfinyanzi, ambao mafundi huuita bleki koton. Ukikauka hupasuka nyufa za kutumbukiza mkono. Ukiloa huvimba na kufunga kabisa, na ukivimba chini ya msingi huinua ukuta wa nyumba. Kama ningepewa nafasi ya kutandaza zege langu lenye matundu ua mzima juu ya udongo ule, maji yangepita juu kwa shangwe, yakakwama chini, na pengine yakaupasua ukuta wa Shosho huyo huyo niliyetaka kumsaidia. Kitabu kilinipa zege. Swali la baba ndilo lililonipa elimu.

Kwa hivyo tulibadilisha nia. Hatukubomoa ua. Tulipanga kukata ukanda mmoja tu upande wa chini, mbele ya lango dogo, wenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 1. Kazi ngumu ikawa kumshawishi mwenye ploti.

"Nilipie simiti yenye mashimo?" alishangaa. "Si mtoto wako ameniona mjinga!"

Baba alimwagia mtungi wa maji juu ya kipande chetu mbele ya macho yake, kisha akamwambia kwa sauti ya chini: "Mzee, ile kazi ya kwanza nilikosea. Nataka kuirekebisha. Ufundi wangu sitakulipisha." Sikuwa nimewahi kumsikia baba akitamka neno "nilikosea". Mwenye ploti alinunua mifuko 13 ya saruji. Wapangaji wakafanya harambee ya kokoto, lori dogo zima, na vijana wakajitolea kuchimba.

Mtaro wenyewe ulikuwa wa sentimita 45 kwenda chini. Pande zote na chini tulitandika nailoni nzito, ili maji yasifikie misingi ya nyumba. Chini kabisa tulilaza bomba lenye matundu, likiinamia kuelekea mtaro wa barabarani. Juu yake sentimita 30 za kokoto kubwa zilizooshwa, na juu ya kokoto sentimita 15 za zege letu. Kwa kuwa karibu theluthi moja ya rundo la kokoto ni nafasi tupu, tumbo lile huhifadhi kama lita 1,200, mapipa 6, kisha kuyaachilia polepole kupitia bomba. Mapipa 27 hayawi 6, hilo najua. Lakini yaliyosalia huondoka kwa bomba badala ya kupita mlangoni.

Masika ya mwaka 2025 yalipowadia, usiku wa mvua kubwa ya kwanza hatukulala. Baba alisimama kwenye lango dogo na tochi, koti la mvua mabegani. Karatasi ile ya maji ilikuja ikiteleza kama zamani, ikafika kwenye ukanda, ikazama. Ilikuwa kama kutazama mtu akimeza. Upande wa pili wa lango kizingiti cha Shosho kilikuwa na unyevu wa matone tu. Asubuhi alituletea uji wa wimbi sufuria nzima. Baba alipita lango dogo kwenda kumrudishia sufuria.

Ningeweza kuishia hapo, nanyi mkanipigia makofi. Lakini ningekuwa nimewadanganya. Kufikia mvua za vuli, Oktoba, ukanda ulianza kunywa kwa uvivu. Vumbi la Mowlem, jivu la majiko, maganda ya viazi na povu la sabuni vilikuwa vimeingia katika vijitundu. Ilitubidi kuufagia kwa ufagio mgumu na kuumwagia maji kwa nguvu mpaka ukafunguka. Tangu hapo kila Jumamosi, nikiwa nyumbani, ni zamu yangu. Zege hili lina nguvu ndogo kuliko la kawaida vilevile. Watu, baiskeli na gari dogo hubeba bila shida, lakini lori la kokoto lisithubutu kulikanyaga. Na mtaro wa barabarani ukijazwa mifuko ya taka, bomba letu litatapika. Hata mji wa Zhengzhou kule China, uliotumia pesa nyingi kwa mambo ya sifongo, ulifurika Julai 2021 ulipopata mvua ya zaidi ya milimita 200 kwa saa moja. Hakuna zege lililo muujiza.

Kwa nini basi nimewaandikia haya katika jarida la Chama cha Kiswahili, wala si la sayansi? Ni kwa sababu kosa letu lilianzia kwenye lugha. Tulisema "kuondoa maji". Tulisema "maji yaende". Hakuna aliyeuliza yaende wapi, wala kwa nani. Tuliisifu kazi kwa kuwa sisi hatukanyagi matope tena, na matope yetu tukampa mzee asiye na mtu.

Nasikia minong'ono kwamba njia ya kutoka langoni hadi ofisini hapa shuleni itawekwa sakafu ngumu, na vumbi la Januari liwe historia. Nami nalichukia vumbi hilo kama ninyi. Ombi langu kwa walimu na wanafunzi wenzangu ni dogo. Siku mafundi watakapokuja, mmoja wetu asimame upande wa chini, pale jikoni kwa wapishi wetu, aulize lile swali la baba: "Sasa inaenda wapi?"

Ama kuhusu wahenga, sijawatupa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Ila siku hizi, kabla sijaziba, huinama kwanza nikatazama ule ufa ulikuwa unamsaidia nani. Sasa niwieni radhi, leo ni Jumamosi ya likizo, na ufagio unaningoja.